Ukuta wa Matundu

Juzi, nikiwa kwenye ofisi ya vibali vya ujenzi, bwana mmoja wa Chumbageni alikuja kuomba ruhusa ya kubomoa ukuta wa matofali ya matundu, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba yake enzi za uhuru.

"Unafanana na banda la kuku," akamwambia afisa. "Naweka vioo na kiyoyozi."

Mara umeme ukakatika. Tukatoka sote barazani, jasho likitutiririka. Huko nako kuna ukuta wa matundu, wa enzi hizo hizo. Bwana akausogelea, akafungua vifungo vya shati, akafumba macho.

"Wallahi, hapa pana upepo!"

"Basi wa mzee tuuache?" afisa akamuuliza.

"Wapi! Kibali nakitaka leo," akajibu, kifua bado kakitega kwenye upepo.

Raha tunaijua, ila tunaona haya ikikaa kwetu.