Kibuyu Nilichokiosha

Juzi nikipita Kimulot nilinusa moshi wa senetwet, kile kichaka cha maua ya manjano, nikamkumbuka kogo, nyanya yangu. Alikuwa akisugua ndani ya kibuyu cha maziwa kwa kijiti cha senetwet kilichoungua. Nilidhani macho yamemwishia, haoni masizi. Mchana mmoja alipoenda kuchuma chai, nikakiosha kwa sabuni. Aliporudi akatia maziwa bila kuchungulia.

Wageni walipofika siku chache baadaye, maziwa yalitoka yakinuka vibaya.

“Nani aliosha hii?”

“Ni mimi, Kogo. Ilikuwa chafu.”

Leo najua masizi yale huzuia vijidudu vinavyoozesha maziwa. Siku hiyo nilingojea kuchapwa tu. Kogo alichomoa kijiti motoni, akaniwekea mkononi.

“Haya. Chafua tena.”