Maharage ya Kuingilia Darasa la Kwanza

Enzi zetu pale Kimuli, hukuingia darasa la kwanza bila kukutana na maharage ya mwalimu. Kwanza ulipitisha mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili. Mkono ukifika, uliitwa mezani kuhesabu, wazazi wote wakikutazama kutoka kwenye mabenchi.

Nilikwenda kifua mbele. Kaka yangu alikuwa amenifundisha kuimba moja hadi mia tukianika kahawa, ilhali Kemilembe, rafiki yangu wa jirani, hakuvuka kumi. Mwalimu akamwaga maharage. Nikaimba, kidole kikirukaruka juu yake.

"Hebu ngoja," akasema. "Maharage yameisha zamani. Sasa unahesabu nini?"

Wazazi wakacheka. Mama aliinama, akashika pindo la kitenge chake. Mwalimu akaniambia nimpe saba tu. Nikampa yaliyojaa kiganjani.

Kemilembe alihesabu kwa Kinyambo, emo, ibiri, ishatu, akisogeza kila harage pembeni. Mwalimu hakuwa mwenyeji, ikabidi amwite mwenzake asikilize.

"Ni mangapi?"

"Mushanju."

Saba. Kemilembe akaandikishwa. Mimi nikaambiwa nirudi mwakani.

Njiani Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, wimbo unaujua. Kuhesabu bado." Tangu siku hiyo, ndizi zikiiva, aliniuliza tuko wangapi, kisha akanituma sahani. Sahani zikipungua, wa kusubiri mwenzake amalize alikuwa mimi. Nilijifunza upesi, njaa haina mchezo.

Mwaka uliofuata nikapita. Ila Kemilembe alikuwa darasa la pili, na marafiki wa darasa la pili, na asubuhi walinipita njiani wakicheka mambo yao.

Sasa naishi Rubwera. Juzi mjukuu wangu alipimwa shule ya awali. Mwalimu alikaa naye mkekani, wawili tu, wakahesabu vizibo vya soda. Akakosea. Mwalimu akapunguza vizibo, akasema, "Haya, tujaribu tena," na mtoto akabaki na wenzake. Nyumbani hatumwi kitu. Anaimba namba za Kiingereza pamoja na simu hadi chakula kimfuate alipo. Sisi tulicharazwa na kazi, lakini tulijua nyumba ina watu wangapi.

Hata hivyo, kupimwa kwao ni bora kuliko kwetu, sibishi. Siku ile mjukuu alitoka ameshikana mkono na rafiki yake, wote wawili wameandikishwa. Nilisimama getini nikimkumbuka Kemilembe, kabla ya kumwita.