Mama Mkwe Katokea Darasani

Jamani, leo nimekimbia swali ambalo jibu lake ninalo!

Mwalimu wetu wa Kiingereza, mtu wa Tanga, hutaka maana ya neno uieleze umesimama. Leo kanipa neno la Kiingereza la “mama mkwe”.

Nafungua tu mdomo, mama mkwe wangu huyo mlangoni, kamletea mwalimu maziwa!

Nyie mnaujua Usukuma. Na mama mkwe hatutazamani, ni mwiko. Nikaruka dirishani.

Mwalimu akafoka nisirudi tena. Na ukarani wa mgodini Geita nautaka, bila Kiingereza siupati!

Nimejibanza ukutani, nikamsikia mama mkwe akiuliza nilipewa neno gani. Akaambiwa.

Mliooa, nihukumuni. Yeye keshahukumu:

“Mwalimu, mbona kakujibu? Maana yake umeiona ikiruka dirishani.”