Keshia wa Glace Bay anayeiogopa zamu ya Jumapili

Saa mbili asubuhi, theluji inaanguka Glace Bay, mji wa migodi ya makaa, na Cassie Gillis anamdanganya mumewe.

"Kaa, mzee wangu. Leo Jumapili, mgodi umefungwa."

Ni Alhamisi. Murdoch, mchimba makaa mstaafu aliyepoteza kumbukumbu, anavua buti na kurudi kwenye chai yake. Mgodi wenyewe ulifungwa zamani, lakini kila asubuhi yeye hujiandaa kwenda zamu. Uongo huo ndio unaomweka ndani mpaka mlezi afike. Aproni ya kazi Cassie huificha mfukoni asiione, na kuivalia dukani.

Cassie, miaka 61, ni keshia wa supamaketi. Mlezi huja kila siku isipokuwa Jumapili.

Jumapili iliyopita meneja wake, Trevor Boutilier, alimpangia zamu bila kumuuliza. Jirani aliahidi kupita baada ya misa. Kwa haraka, Cassie akavaa aproni palepale sebuleni. Murdoch akaiona. Kama mke anakwenda kazini, hiyo Jumapili iko wapi?

Kabla jirani hajapita, Murdoch alikutwa kwenye uzio wa mgodi, amevaa ndara, mkebe wa chakula mkononi.

"Vidole vya miguu vilikuwa vyeupe kwa baridi," anasema Cassie. "Eti wenzake wamemwacha."

Sheria ya jimbo inawapa wafanyakazi wa maduka haki ya kukataa kazi ya Jumapili na ya baadhi ya sikukuu. Lakini jamani, nani anathubutu? Cassie alipoitaja, Boutilier hakugomba, alitabasamu.

"Haki unayo, mama. Masaa ndiyo sina."

Cassie alimwelewa vizuri. Mwenzake aliyekataa zamu ya sikukuu alishushwa kutoka saa 28 kwa wiki hadi nane, kimyakimya. Kwa saa nane Cassie hawezi kumlipa mlezi, na bila mlezi hawezi kutoka nyumbani hata Jumatatu. Anasema usingizi umemhama.

Adhuhuri, ratiba ya wiki ijayo inabandikwa ukutani. Jina lake lipo tena Jumapili.

Anaisoma mara mbili, anafuta mikono kwenye aproni, kisha anaingia ofisini kwa meneja. Anapotoka, uso umempauka. Amemwambia Boutilier hatakuja, na akipunguziwa hata saa moja atakwenda kumshtaki kwenye ofisi ya kazi ya serikali.

Anarudi kwenye kaunta. Chenji ya mteja inamponyoka, anaiokota.

"Naogopa, tena sana," anasema. "Ila bora niogope nikiwa nimekaa ubavuni mwa mzee wangu."