Nyoka wa Pikapu ya Melania

Melania alikuwa na udhaifu mmoja: hakujua kusema hapana. Alinunua mawese vijijini nyuma ya Kidahwe na kuyauza Ujiji, na pikapu yake ya dizeli, yenye foo-wili ya kusukuma magurudumu yote manne, ilijulikana njia nzima. Kila alipowasha gari pale kwake Gungu, alikuta mtu amesimama mlangoni na mzigo wake, kana kwamba walikubaliana jana. Huyu ana mgonjwa, yule ana harusi, mwingine ana kuku tu. Wote aliwapakia. Akifika Kidahwe alikuwa amezijua shida za nusu ya mji, na kichwa kinamgonga.

Abiria mkuu alikuwa Adolf, mdogo wa marehemu mumewe. Adolf alikuwa fundi wa mabehewa stesheni ya Kigoma, na tangu astaafu hakuwa na treni ya kuiamrisha. Kwa hiyo aliamrisha pikapu. "Shemeji, punguza. Shemeji, gia. Shemeji, yule mbuzi umemwona?" Melania alikuwa amemwona mbuzi kabla mbuzi hajajiona.

Asubuhi moja wakitoka Gungu, sauti ikaanza nyuma ya dashibodi, mbele ya miguu ya Adolf. Ssss. Nyembamba, isiyokatika. Adolf alinyamaza katikati ya sentensi, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Shemeji, kitu gani hicho?"

Melania hakujua. Lakini ule ukimya ulikuwa mtamu mno, ulimi ukateleza wenyewe.

"Achana naye," akasema kwa upole. "Hana neno. Usimkanyage tu."

Adolf alishuka kabla gari halijasimama vizuri. Kofia yake ilibaki kwenye kiti.

Jioni ile nyoka alikuwa swila. Kesho yake akawa chatu. Haikupita wiki akawa anakula mayai na ana jina. Watu waliokuwa hawawezi kutembea hatua mbili wakakumbuka kuwa bodaboda zipo. Melania aliendesha peke yake, akiimba sauti ya pili ya kwaya bila mtu wa kumsahihisha. Mwanvua, jirani yake muuza vitumbua, alipomuuliza kama ni kweli, Melania hakukana. Aliomba kitumbua kimoja cha ziada, "cha yule." Mwanvua akampa viwili.

Aliona vilevile kwamba breki zimekuwa ngumu, hata mteremkoni ilimbidi aikanyage pedeli kama mtu anayeshindilia udongo. Alijiambia atampitia Meshack, fundi wake wa Katubuka. Lakini Meshack angeiua ile sauti, na yeye alikuwa bado hajachoka kuimba.

Ndipo ikanyesha. Kwenye njia ya shambani, ng'ambo ya Kidahwe, pikapu ilizama kwenye tope na shehena ya madumu ya mawese. Melania akaweka foo-wili. Taa yake kwenye dashibodi ikapepesa tu, haikutulia. Magurudumu ya nyuma yakachimba shimo, ya mbele yakakaa kimya kama wageni waalikwa.

Wanaume waliokuwa wakikamua mawese karibu hapo, ambao siku zote walisukuma bila kuombwa, walikuja hadi kwenye michikichi wakasimama.

"Mwakeye, mama," wakamwamkia kutoka kule kule.

"Mwakeye. Njooni basi mnisukume."

"Tungesukuma, mama. Ila huyo wako bado hatujazoeana naye."

"Hakuna nyoka."

Wakatazamana. Mmoja akasema ndivyo wenye nyoka wanavyosema.

Akampigia Meshack. Meshack akasema angekuja kwa moyo mmoja, ila mama afungue boneti kwanza, akae nayo kidogo, kisha ampigie tena akiwa bado mzima. Hapo ndipo Melania alipolazimika kumpigia Adolf na kumweleza kila kitu. Adolf akauliza amekwama wapi hasa, akakata simu.

Adolf alifika kwa bodaboda, amevaa mabuti ya mpira hadi magotini na fimbo mkononi.

"Sema mbele ya hawa mashahidi," akaamuru.

"Hakuna nyoka, shemeji. Hakuwahi kuwapo."

"Na uliniona nilivyoshuka."

"Nilikuona."

"Kofia yangu je?"

"Iko kwenye kiti."

Akamwambia awashe injini. Akasikiliza kwa mbali, kichwa upande. Akasogea hatua, akasogea tena. Uso ukambadilika.

"Huo ni upepo," akasema taratibu. "Shemeji, maisha yangu yote nimetembea kandokando ya mabehewa nikiitafuta sauti hiyo. Mabehewa ya zamani breki zake zilikuwa za upepo wa kunyonya. Mpira ukitoboka, unalia hivyo hivyo." Akaitazama fimbo yake, akaanza kucheka hadi akaiegemea.

Kisha akafanya kazi. "Zima. Kanyaga breki mara kadhaa, usiiachie. Sasa washa. Imeshuka?"

"Haijashuka."

"Ingekuwa nzima ingezama chini ya mguu wako. Upepo haufiki kwenye haidrovaki." Akaligonga lile bakuli jeusi linaloisaidia breki. Akachomoa mpira kwenye pampu iliyo mgongoni mwa alteneta, akaziba tundu la pampu kwa dole gumba, dole likanasa. Pampu ilikuwa inavuta vizuri. Akaurudisha mpira. Kutoka hapo ulikuwa unagawanyika: mnene kwenda kwenye breki, mwembamba kwenda kwenye foo-wili. Akaukunja ule mwembamba, akaubana. Sauti ikakatika.

"Imezama!" Melania akaita kutoka ndani.

Tundu moja, magonjwa mawili. Adolf alilikuta karibu na upande wa abiria: meno ya panya. Melania alikuwa amesahau tambara lenye mawese chini ya boneti, na panya alipomaliza tambara akahamia kwenye mpira uliolowa. Adolf akaikata ncha iliyotafunwa, mpira ukawa bado unafika, akaubana kwa klipu yake.

Safari hii taa ya foo-wili ilitulia. Magurudumu ya mbele yakauma tope, pikapu ikapanda, na wale wanaume, ambao sasa walikuwa wamesogea kutazama, wakaoga matope sawasawa.

Adolf akavaa kofia yake, akakaa mbele. "Shemeji, gia," akasema. Melania akabadili gia.

Siku chache baadaye Melania alimkuta Adolf kwenye benchi la Mwanvua, watu wamemzunguka. Alikuwa akieleza jinsi alivyomvuta yule nyoka kwa mkono mtupu, na kwa urefu aliouonyesha, mikono yake haikutosha.

Mwanvua akamgeukia Melania. "Ni kweli shemeji yako alimtoa mwenyewe?"

Adolf aliganda, kitumbua mkononi. Melania alimtazama kwa raha zake.

"Alimtoa," akasema. "Ila alilia kidogo."