Taa Iliyowaka Kila Asubuhi

Katika nyumba ya Mukesh, juu ya duka lake la vitambaa pale Makoroboi, Mwanza, hedhi haikuwahi kuwa siri. Mwanamke akiwa mwezini hakaribii rafu ya miungu sebuleni, wala hawashi taa ya samli ya asubuhi. Chupa ya achari nayo haigusi, wanasema itaharibika. Zamani hata jikoni hakuingia, lakini hilo liliachwa kimyakimya, maana wanaume walitaka kula. Basi hata Mukesh na gazeti lake alijua nani yumo siku zake kwa kuangalia tu nani ameshika kiberiti.

Taa ilikuwa kazi ya Nisha, binti yao wa pekee, na ndiyo iliyomtia kiwewe mama yake, Kusum. Iliwaka mwezi mzima bila kupumzika. Ukaja mwezi wa pili, Nisha anawasha tu. Kila kiberiti kilipokwaruzwa, Kusum alihesabu siku upya. Harusi ilikuwa inakaribia, mchumba yuko Kampala, kadi zimeshagawiwa. Mukesh ni mtu mpole mpaka jina lake liguswe, na likiguswa, Kusum hakutaka hata kuwaza.

Si angeuliza tu? Wewe ungeuliza. Lakini Kusum hakuwahi kulitamka jambo hilo tangu azaliwe. Hata mama yake alimwonyesha kwa kidole tu pa kukaa, basi. Akawa anapeleleza. Alimchungulia mwanawe akitoka kuoga, akamsikiliza kama anatapika. Aliona uso umechongoka na macho yameingia ndani, akasema moyoni, ndiyo hiyo mimba, imeanza kumla. Usingizi ukamhama.

Mwanza nzima manesi walinunua vitambaa kwao, kwa hiyo kupima mjini ilikuwa sawa na kutangaza sokoni. Kusum akamwambia mumewe kwamba anakwenda Sengerema na Nisha kuangalia mchele. Wakapanda kivuko cha Kamanga. Njia nzima mama alitazama maji, binti akatazama viatu vyake. Hakuna aliyemwambia mwenzake wanakokwenda, na wote wawili walijua.

Kwenye zahanati moja ndogo walimkuta nesi mtu mzima, Bernadeta.

"Shikamoo," Nisha alisema, sauti haitoki.

"Marahaba, mwanangu. Mama, utusubiri nje kidogo."

Kusum aligoma kwanza, kisha akatoka. Alikaa kwenye benchi akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Aliogopa kweli. Alishapanga hata atakapompeleka mtoto, kwa dada yake Nairobi, na uongo wa kumwambia Mukesh alishautunga. Mlango ulifunguliwa.

"Hana mimba," nesi alisema.

Kusum akaanza kulia hapo hapo, huku akicheka.

"Usicheke bado, mama. Amekubali nikwambie. Mficha uchi hazai. Kuna wanaokosa siku zao kwa mimba, kuna wa sindano za uzazi wa mpango, kuna wenye shida ya homoni au ya tezi. Na mawazo mengi yanaweza kuzichelewesha. Huyu wako hali chakula. Anakunywa chai kavu, anaruka kamba chumbani mpaka anaona giza. Mwili ukikosa chakula unafunga yale ambayo unaona yanaweza kusubiri, na hedhi ni mojawapo. Sasa ale, na aje aonane na daktari. Tusipuuze, anazidi kupungua."

"Kwa nini huli?" Kusum alimgeukia binti yake.

Nisha alijibu bila kumtazama. "Blauzi ya harusi, mama. Hainiingii."

Blauzi ile Kusum alikwenda nayo mwenyewe kwa fundi, na yeye ndiye aliyesema ibanwe vidole viwili zaidi, kwamba msichana atajikaza. Na kila Nisha aliposukuma chapati pembeni, nani alimsifu mbele za watu kwamba sasa anaanza kupendeza? Alitamani nesi amgombeze. Nesi hakumgombeza.

Walirudi na mchele kweli, maana uongo nao una gharama zake. Siku zikapita, Kusum akipika kila alichojua kupika. Sahani zilirudi tupu. Kisha asubuhi moja hakusikia kiberiti. Alichungulia sebuleni, akamkuta Nisha amekaa mbali na rafu, mikono mapajani. Kusum aliwasha taa mwenyewe, akamshukuru kila mungu aliyekuwa kwenye rafu ile, wakubwa kwa wadogo.

Mchana alipanda kutoka dukani, akamkuta binti yake jikoni anampakulia baba yake. Wali, dengu, kachumbari. Nisha akafungua chupa ya achari, akachovya kijiko ndani, akachota.

Kusum alisimama mlangoni. Hofu ya mwanzo ilikuwa ya watu na maneno yao. Hii ilikuwa ya mtoto mwenyewe.

"Nisha."

Binti alitazama mkono wake, kisha chupa. Kijiko kikaanguka.

"Haijaja?"

"Haijaja, mama. Nilitaka ulale."

"Na chakula?"

Nisha alielekeza kidevu kwenye ndoo ya taka. Chini ya maganda ya vitunguu kulikuwa na chapati za asubuhi, zimekunjwa vizuri kama leso.

Kusum hakupiga kelele. Alikwenda chumbani, akarudi na blauzi nyekundu na mkasi, akaanza kufumua mshono wa ubavuni.

"Mama! Watu wa Kampala watasemaje?"

"Waseme. Harusi itasubiri. Kesho tunavuka kwenda kwa daktari, na baba yako nitamwambia mimi, kwa mdomo wangu."

Alivuta kigoda, akaketi, akaweka sahani moja ya wali katikati yao. Nisha aliitazama kama mtu anayetazama maji ya kina kirefu.

"Naogopa, mama."

"Na mimi naogopa, mwanangu," Kusum alisema, akafinyanga tonge dogo, akalishika mbele ya midomo ya Nisha. "Kula."