Sirene Iliyonyamaza na Vidonge vya Mama Alimasi

Kamina ya miaka ile haikuhitaji saa ya mkononi. Karakana ya reli ilikuwa na sirene, na sirene ndiyo iliyowapeleka watoto shule, ikawarudisha wanaume nyumbani, ikateremsha maharagwe motoni. Wenye saa walizivaa kwa urembo. Wakitaka kujua majira walisubiri sirene kama sisi wengine.

Saumu, aliyeitwa Mama Alimasi kwa jina la mwanawe wa kwanza, aliuza samaki wakavu sokoni. Mume wake, Ismaeli, aliwafuata samaki hao Mulongo, akikaa huko majuma kadhaa na kurudi akinuka mto. Wote wawili walikuwa watu wa asili ya Maniema, biashara imo damuni, na hesabu ya kibiashara nusura imuue Saumu.

Alikuwa amezaa watano, wa mwisho kwa kupasuliwa. Daktari alisema mbele ya Ismaeli kwamba kovu lile halitavumilia mimba nyingine. Ismaeli, ambaye hakuogopa viboko wa Lualaba, alitoka nje akakaa chini. Ndivyo vidonge vya kupanga uzazi vilivyoingia nyumbani kwao, kwa mkono wa Mwadi, muuguzi wa zahanati, mama wa Kikasai mwenye sauti ya kuamrisha. Alimpima presha, akamuuliza kama anavuta tumbako, maana wenye presha na wavutaji aliwatafutia njia nyingine. Kisha akamwonyesha kadi ya vidonge: vyeupe ndivyo dawa; vya kahawia vya mwishoni ni chuma tu, vya kuchunga mazoea wakati damu inapita.

Miezi miwili baadaye Saumu alirudi na kadi ile ile, imejaa karibu yote.

"Mama Alimasi, hizi mbona ziko bado?"

"Ismaeli iko Mulongo, ma Mwadi. Minamezaka tu kama iko."

"Na kama haiko?"

"Ni ya nini? Nani anawasha makala na sufuria haiko?"

Mwadi aliweka kalamu chini. "Haiko aspirine ya kumeza kama kichwa inaluma. Iko sentinelle. Analinda mulango kila usiku, hata kama mwizi haikuye."

"Sasa bwana yangu njo mwizi?"

"Weye njo unamujua."

Akaambiwa achague wakati mmoja wa kumeza kila siku. Akachagua sirene ya jioni. Msikiti ulikuwa karibu zaidi, lakini mambo ya kitanda aliona heri yakae na reli kuliko na adhana. Majirani walidai vidonge hujikusanya tumboni kama kokoto. Saumu aliwajibu kwamba kama ni hivyo, wamweke kwenye mizani ya samaki.

Ndipo ukaja wakati ambapo watu wa majina ya Kikasai waliozaliwa Kamina walijulishwa kwamba kwao ni Kasai, mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kukanyaga. Walihamia stesheni na magodoro, sufuria na milango waliyoing'oa kwenye nyumba zao, wakingoja treni zisizokuwa na haraka. Mwadi alikuwa miongoni mwao. Kalonji, mtu wa sirene, naye alikuwapo. Waliofukuza hawakufikiri kwamba walikuwa wakifukuza pia majira.

Mji ukanyamaza. Maharagwe yakaungua. Saumu alikaa jikoni na kikombe cha maji, akingoja sirene, giza likaingia, akalala. Kesho yake vile vile. Siku ya tatu ndipo alipovikumbuka vidonge, na alivikumbuka kwa sababu Ismaeli alikuwa amerudi usiku uliopita.

Alifunga samaki kwenye kitambaa, akaenda stesheni. Mwadi alikuwa juu ya godoro, anamsuka binti yake.

"Sirene haikulia, ma Mwadi."

Mwadi alicheka, pengine kwa mara ya kwanza tangu afike pale. "Kalonji ya sirene njo ule, analala pa godoro. Weye ulingojea nini?"

"Na Ismaeli amekuja."

Kicheko kikaisha. "Meza moja sasa hivi. Ya leo, meza pa saa yake. Siku saba Ismaeli avae kapoti, ule mupira ya wanaume, ao alale kwa ndugu yake. Na ile ya jana usiku na Ismaeli, tutaona pa za kahawia. Damu isipokuja, kimbia kwa docteur, usingojee muntu."

"Na saa nitajua namna gani?"

"Adhana ya mangaribi. Mzee Hamadi ya msikiti ni wa kwenu, hakuna mwenye atamufukuza. Hata Ramazani, pa ile saa uko na ruhusa ya kumeza."

Saumu alimeza kwa maji ya dumu la Mwadi.

Vyeupe vikaisha, vya kahawia vikaanza, Ismaeli akiwa bado kwa ndugu yake, kwa hofu tu. Damu ilipokuja, Mama Alimasi, asiyekimbia hata mvua, alikimbia hadi stesheni. Alikuta majani ya magodoro na kiatu kimoja. Treni ilikuwa imeondoka alfajiri. Akasimama pale na habari yake njema, bila wa kumpa.

Baadaye vita vilipokuja na zahanati ikakosa dawa, Ismaeli ndiye aliyeleta vidonge kutoka Lubumbashi, akiwa na kadi tupu mfukoni ya kumwonyesha mwenye duka la dawa, maana kulitamka jina aliona haya. Sirene nayo ililia tena, kwa mkono mwingine, ikichelewa. Saumu hakuisikiliza.

Sasa umri wa vidonge umempita zamani. Lakini adhana ya magharibi ikianza, huchukua kikombe na kunywa akitazama upande wa stesheni. Alimasi humuuliza anameza nini.

"Maji ya ma Mwadi," hujibu.